Kompyuta ya Linux Inayojiwasha Upya Bila Kukoma: Tafuta Kasoro Kabla ya Kulipa

Chukua mfano huu. Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa katika shehia ya Wesha anawasha kompyuta ya mezani asubuhi ili achapishe orodha ya hisa na mikopo, kwani alasiri wanachama watakutana kugawana faida ya mwaka. Nembo ya kiwanda inatokea, maandishi meupe yanapita upesi, kisha kioo kinakuwa cheusi na nembo ile ile inatokea tena. Anasubiri. Mara ya tatu, mara ya nne, mara ya kumi, hali haibadiliki. Anaitwa kijana anayejua kompyuta, naye bila ya kuuliza mengi anasema: “Hii Linux ndiyo mbovu. Tuifute, tuweke mfumo mwengine.” Bei inatajwa, na katibu, kwa haraka aliyonayo, anaelekea kukubali.

Akikubali, huenda kompyuta ikawaka, lakini hesabu za mwaka mzima zitakuwa zimefutwa pamoja na mfumo. Na iwapo kasoro ilikuwa katika pawa saplai au katika feni iliyojaa vumbi, baada ya wiki moja mchezo utaanza upya, fedha zimekwisha lipwa na orodha ya hisa haipo. Makala haya yanakusudia kumwezesha mtumiaji kuepuka hasara hiyo. Funzo lake ni moja: kufuta si kutengeneza. Kompyuta inayojiwasha upya inatoa ishara, na mahali inapokatikia ndipo panapoonyesha kasoro ilipo. Vipimo vingi vya kuisoma ishara hiyo havihitaji fedha. Vinahitaji utulivu na daftari.

Linux ni nini, na kwa nini hulaumiwa

Linux ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia vifaa vyote vya kompyuta na kuziwezesha programu nyengine kufanya kazi. Kiini chake, kiitwacho kerneli, kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Toleo linalotumiwa na wengi, Ubuntu, lilitolewa mara ya kwanza mwaka 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu “utu”. Mwaka huo huo, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kiafisi zilizofasiriwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mfumo huu si mgeni kwetu.

Mtumiaji anapaswa kujua mambo mawili. Kwanza, leseni ya Linux inaruhusu kunakiliwa na kugawiwa bure. Fundi ana haki ya kulipwa kwa kazi ya mikono yake na muda wake, lakini asikutoze “bei ya leseni ya Ubuntu”, kwani Ubuntu ya kompyuta ya nyumbani haiuzwi leseni. Pili, kwa kuwa mafundi wengi wamezoea mfumo mwengine, Linux hubebeshwa lawama hata pale ambapo haijapata nafasi ya kuanza kufanya kazi. Tutaona hapa chini jinsi ya kuthibitisha jambo hilo.

Hatua nne za kuwaka

Kompyuta haiwaki kwa mara moja. Hupitia hatua nne, na kila hatua ina mwenye jukumu lake.

Hatua ya kwanza ni umeme. Pawa saplai hupokea umeme wa ukutani, ambao kwetu ni volti 230, na kuugeuza kuwa umeme mdogo unaofaa kwa vifaa vya ndani. Hatua ya pili ni programu iliyohifadhiwa katika ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Programu hii, iitwayo BIOS au UEFI, ndiyo inayoonyesha nembo ya kiwanda na kukagua kumbukumbu ya muda, yaani rami, pamoja na diski. Hatua ya tatu ni GRUB, programu ndogo inayochagua kerneli ipi ianzishwe. Hatua ya nne ni kerneli yenyewe, ambayo hufungua diski, hutambua vifaa, na kuanzisha huduma moja baada ya nyengine hadi mtumiaji aombwe nywila.

Ikiwa kompyuta inakatika katika hatua ya kwanza au ya pili, Linux haijaguswa, na kuifuta hakutasaidia kitu. Ikikatika baada ya GRUB, kasoro inaweza kuwa ya mfumo, lakini bado inaweza kuwa ya kifaa, kwa sababu hapo ndipo kichakato na kadi ya picha huanza kufanya kazi nzito na kuvuta umeme mwingi zaidi. Zingatia pia kwamba, katika matoleo mengi, kerneli inaposhindwa kabisa husimama na kuacha maandishi ya kosa kwenye kioo; haijiwashi upya isipokuwa imepangiwa kufanya hivyo. Basi kompyuta inayokatika ghafla, bila ya neno lolote la kuaga, aghalabu ina tatizo la umeme, la joto au la kifaa.

Umeme na hewa ya bahari

Mkaazi wa Wesha ana sababu mbili za ziada za kuwa mwangalifu. Ya kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli, na kituo cha Wesha kilikuwa tegemeo la kisiwa. Mwaka 2010 ndipo kisiwa kilipounganishwa na gridi ya taifa kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Unganisho hilo limeleta nafuu kubwa, lakini popote duniani umeme hukatika na volti hupanda na kushuka, hasa mwisho wa njia ndefu na katika saa za jioni ambapo nyumba nyingi huwasha taa, feni na majokofu kwa pamoja. Taa inaweza kufifia kidogo na isizimike. Pawa saplai iliyochoka, kwa mfifio huo huo, huiangusha kompyuta.

Ya pili ni hewa. Upepo wa bandarini huja na chumvi na unyevu, na hivyo hula taratibu miguu ya rami, soketi na vitufe. Vumbi likichanganyika na unyevu huganda kwenye feni na kuzuia upepo. Kichakato kikipata joto kupita kiasi, kompyuta hujikata yenyewe ili isiungue. Dalili ya joto ni kwamba muda wa kukatika hubadilika: ikiwa imepumzika usiku kucha huwaka dakika kadhaa, na ikiwashwa tena papo hapo hudumu sekunde chache tu.

Vipimo vitano vya kufanya nyumbani

Fanya vipimo hivi kwa mpangilio, na uandike katika daftari saa, ulichofanya, na ulichokiona. Usifungue kamwe kisanduku cha pawa saplai chenyewe, kwani ndani yake hubaki umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kipimo cha kwanza: umeme na vitufe. Chomoa vifaa vyote visivyo vya lazima, kama printa, spika na flashi. Bakisha kioo, kibodi na mausi. Chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani, katika soketi nyengine na kwa waya mwengine wa umeme. Ikiwa una UPS inayofanya kazi, jaribu nayo. Jaribu asubuhi, kisha jioni, ulinganishe. Kwa kompyuta mpakato, jaribu kwa betri peke yake, kisha kwa chaja peke yake ikiwa betri inatoka. Tazama pia kitufe cha kuwashia: kikikwama ndani, kompyuta huzima baada ya sekunde chache, kwa sababu inadhani mtu amekishikilia. Wako waliouziwa mazabodi mpya kwa kasoro ya kitufe kilichoshika kutu.

Kipimo cha pili: kukaa ndani ya BIOS. Kiwanda kila kimoja kina kitufe chake cha kuingilia, mara nyingi F2, Delete, F10 au Esc, kinachobonywa mara tu kompyuta inapowashwa. Ukishaingia, usibadilishe chochote. Iache kompyuta katika ukurasa huo kwa dakika 20. Hapo diski haisomwi na Linux haijaanza. Ikijiwasha upya ikiwa hapo, una ushahidi kwamba kasoro si ya mfumo endeshi, na hakuna mtu mwenye haki ya kukutoza fedha za kuufuta. Katika ukurasa huo huo, mashine nyingi huonyesha joto la kichakato. Likipanda mfululizo bila ya kutulia, tafuta vumbi na feni. Tazama na tarehe: ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya saa iliyomo katika mazabodi imekwisha, nayo bei yake ni ndogo.

Kipimo cha tatu: flashi ya kuwashia, na kuokoa mafaili. Hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote. Linux inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila ya kugusa diski yako. Faili la Ubuntu iliyotolewa mwaka 2024 lina takribani jigabaiti 6, hivyo kabla ya kumaliza bando lako, muulize jirani, mwalimu wa skuli au fundi kama analo. Kunakiliana si kosa. Flashi ya jigabaiti 8 inatosha, lakini iwe tupu, kwa sababu itafutwa wakati wa kutengenezwa. Washa kompyuta kwa flashi hiyo na uchague kujaribu, yaani “Try Ubuntu”. Usichague “Install”, kwani huko ndiko mafaili yanakoweza kupotelea.

Kompyuta ikiwaka kwa njia hii, usishughulike na jambo jengine kwanza. Fungua diski ya ndani, tafuta mafaili yako, na uyanakili kwenye flashi ya pili. Ikiwa diski ilifungwa kwa nywila, utaombwa uiandike. Hakikisha kila faili muhimu linafunguka hukohuko lilikonakiliwa. Baada ya hapo iache kompyuta ifanye kazi kwa saa moja. Ikidumu, basi umeme, rami na kichakato vina afya kwa kiasi kikubwa, na shaka inahamia kwenye diski au kwenye mfumo uliomo. Ikijiwasha upya hata kwa flashi, shaka inabaki kwenye vifaa. Katika menyu ya GRUB ya matoleo mengi ya Ubuntu kuna kipimo cha rami kiitwacho memtest86+. Kiache kikamilishe mzunguko mmoja mzima, hata kikichukua saa kadhaa. Rami iliyo nzima haitoi kosa hata moja.

Kipimo cha nne: kerneli ya zamani. Hiki ni kwa kompyuta iliyovuka vipimo vya mwanzo. Linux inaposasishwa huweka kerneli mpya na kuiacha ya zamani pembeni. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, kerneli mpya huweza kubaki nusu, na kila uwashapo kompyuta hujaribu kuipanda ngazi isiyo na vipago. Washa kompyuta huku ukishikilia Shift, au ukibonya Esc kwa mashine za UEFI, hadi menyu ya GRUB itokee. Chagua “Advanced options for Ubuntu”, kisha kerneli yenye namba ndogo zaidi. Ikiwaka vizuri, kasoro imejulikana, na hakuna kilichopotea. Fungua dirisha la amri na uandike amri hizi tatu, kila moja kwa mstari wake, ukisubiri ya kwanza imalizike:

sudo dpkg --configure -a
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub

Ya kwanza hukamilisha usasishaji uliokatika, ya pili hujenga upya mafaili ya kuanzishia kerneli, na ya tatu hupanga menyu ya GRUB. Zikilalamika kuwa nafasi haitoshi, andika df -h uone kama diski imejaa. Kujaa kwa sehemu iitwayo /boot ni sababu ya kawaida ya usasishaji kushindwa.

Kipimo cha tano: shajara ya mfumo. Linux huweka kumbukumbu ya kila inachofanya. Ukifanikiwa kuingia, andika journalctl -b -1 -e ili usome mistari ya mwisho ya safari iliyotangulia. Ukikuta huduma zinafungwa moja moja kwa utaratibu, maana yake kuna programu iliyoamuru kompyuta ijiwashe upya. Ukikuta maandishi yamekatika katikati, bila ya dalili yoyote ya kufunga, maana yake kompyuta haikupata muda wa kuandika: umeme ulikatika ndani yake, au kifaa kilianguka. Piga picha mistari hiyo kwa simu. Ni ushahidi wenye uzito mbele ya fundi na mbele ya muuzaji.

Unapokwenda kwa fundi

Baada ya vipimo hivi, hutakwenda kwa fundi na maneno “haiwaki tu”. Utasema: “Inakatika hata ikiwa ndani ya BIOS, zaidi saa za jioni, kwa UPS inadumu.” Fundi mwaminifu atafurahi, kwa sababu umemfupishia kazi. Asiyekuwa mwaminifu atajua kwamba una daftari.

Kabla ya kuikabidhi kompyuta, kubalianeni kwa maandishi mambo matano: bei ya uchunguzi peke yake, kwamba diski haitafutwa bila ya idhini yako iliyoandikwa, kwamba kifaa chochote kitakachobadilishwa utarejeshewa kile cha zamani, muda wa dhamana ya kazi na ya kifaa kipya, na siku ya kukabidhiwa. Karatasi ya daftari yenye sahihi mbili inatosha. Mwisho wa kazi, dai risiti, na uiwashe kompyuta mbele ya fundi si mara moja, bali mara tatu, ukiiacha ifanye kazi nusu saa kabla ya kulipa salio.

Unaporudi kwa muuzaji

Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu zimeshatumika. Kuuza kitu kilichotumika si kosa. Kosa ni kuficha kasoro inayojulikana, au kutangaza kuwa kitu ni kipya ilhali sicho. Zanzibar ina sheria ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji, namba 5 ya mwaka 2018, na mtumiaji anayo haki ya kupewa maelezo ya kweli kuhusu anachokinunua. Kabla ya kununua, nenda na flashi yako ya kuwashia na uombe kuijaribu kompyuta kwa nusu saa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwishakupa jibu.

Iwapo kasoro imetokea ndani ya muda wa dhamana, muuzaji anaweza kukuambia kwamba kuweka Linux kumeiharibu kompyuta na kuivunja dhamana. Soma masharti yaliyoandikwa. Kisha mwonyeshe kipimo cha pili: kompyuta inayojiwasha upya ndani ya BIOS inafanya hivyo kabla ya mfumo endeshi wowote kuanza, na hakuna mfumo unaoweza kulaumiwa kwa jambo lililotokea kabla haujafika. Zungumza naye kwa adabu na kwa maandishi. Msiposikilizana, tuletee malalamiko yako pamoja na risiti, karatasi ya makubaliano, picha za kioo na daftari la vipimo. Malalamiko yenye tarehe na ushahidi tunaweza kuyafuatilia. Yenye hasira peke yake ni vigumu kwetu kuyasaidia.

Tumrejee katibu wetu wa Wesha. Kwa vipimo hivi angeweza, asubuhi ile ile, kuwasha kwa flashi, kunakili orodha ya hisa, na kwenda kuichapisha Chake Chake kabla ya alasiri, kompyuta yenyewe ikisubiri fundi bila ya haraka. Wanachama wangegawana faida yao kwa hesabu sahihi. Na somo la kubaki nalo, hata kwa asiyekuwa na kompyuta mbovu leo, ni hili: kila mwisho wa mwezi nakili mafaili ya kikundi kwenye flashi isiyokaa nyumba moja na kompyuta, na chapisha orodha ya hisa karatasini, itiwe sahihi na mwenyekiti na katibu. Fanya hivyo wiki hii, wakati kompyuta yako ingali inawaka.